Mwonja Divai wa Makongeni: Historia ya Mzee Josphat Makau Nzioki

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, ndugu na jamaa wa hapa Ndalani, majirani mliotoka Makongeni na Githurai, familia ya marehemu Bwana Dilip mliotoka Ruiru, na wote mliokuja kutusindikiza, Bwana asifiwe. Mimi ni Mbithe, mtoto wa pili wa marehemu, na nimepewa jukumu la kusoma historia yake ingawa kaka yangu Mutisya ndiye kifungua mimba, kwa sababu amejaribu kuisoma mara tatu nyumbani na kila mara sauti imemkatikia kwenye mstari wa kwanza. Naomba msihangaike kunifuatia kwenye kijitabu mlichopewa pale langoni, maana ukurasa wa nne unasema tu kwamba baba alifanya kazi na kampuni ya vinywaji, na mimi sitasoma hivyo. Kwa ajili ya kazi hiyo baba alitengwa na Meza ya Bwana miaka kumi na miezi mitano, bado wapo wanaonong'ona hata leo chini ya hema hili, na ninataka kabla hajashuka kaburini jina lake lisemwe lilivyokuwa, likiwa safi pale liliposafishwa na likiwa na doa pale lilipoingia doa, na aliyemshtaki ajulikane.

Marehemu Josphat Makau Nzioki alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 hapa hapa Ndalani, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa marehemu Nzioki Mutua na marehemu Kamene, watu wa kulima mahindi na mbaazi na kufuga ng'ombe wachache. Shangazi zake, ambao wawili wako nasi leo, wanasema alijulikana kwa pua tangu utotoni, kwamba ulikuwa ukimpa kibuyu cha maziwa anakinusa na kukutajia ng'ombe aliyekamwa, kipaji kilichowafurahisha wote isipokuwa kaka yake mkubwa, aliyekuwa na tabia ya kunywa maziwa ya jioni kwa siri na kuacha kibuyu kimesuuzwa vizuri kabisa.

Alianza masomo mwaka 1961 katika shule ya msingi ya hapa kijijini, akafanya mtihani wa CPE wa kumaliza shule ya msingi mwaka 1968 na kufaulu, akajiunga na shule ya sekondari ya harambee huko Yatta, lakini mwaka 1970 akiwa kidato cha pili baba yake alifariki, naye akaiacha shule ili amsaidie mama yake kulea wadogo zake wanne. Hakuwahi kulalamika juu ya masomo yake kukatika, ila tuliokuwa watoto wake tulijua, maana ripoti zetu za shule alizisoma kila neno, pamoja na jina la kiwanda kilichochapisha karatasi.

Mwezi Mei 1972 alifika Thika, akapanga chumba Makongeni, akaajiriwa katika kiwanda cha kukoboa kahawa kama mpakiaji wa magunia. Mwaka 1975 alihamishiwa kwenye chumba cha kuonja, kwanza kuosha vikombe na kukaanga sampuli, na huko ndiko alikokutana na marehemu Mzee Ajwang, mwonjaji mkuu, mtu mkali asiyesifu mtu, ambaye siku moja alimkuta baba akinusa vikombe vilivyokuwa vinangoja kuoshwa na kuvipanga kulingana na chama cha wakulima kilichotoa kila kahawa. Mzee Ajwang alichukua kijiko akampa, na kuanzia hapo baba akajifunza kuvuta kahawa kwa kishindo, kuizungusha mdomoni, kuitema kwenye ndoo, kisha kuandika alichokiona. Alifanya hivyo miaka ishirini, vikombe mia mbili kwa siku wakati wa msimu, na katika miaka hiyo yote hakuna mtu wa kanisa aliyemuuliza kama anameza au hamezi.

Tarehe 8 Desemba 1979 alifunga ndoa takatifu na mama yetu, Nzilani, katika kanisa letu la Makongeni, na Mungu akawajalia watoto watatu, Mutisya mwaka 1981, mimi mwaka 1985, na Kamene mwaka 1990. Alikuwa mume mpole na mgumu wa kulishwa, maana mama alikuwa hawezi kumpikia kwa mafuta ya jana bila kesi kusikizwa, na mama mwenyewe amenituma niwaambie kwamba kwa miaka arobaini na mitano hakufaulu kumdanganya hata mara moja kwenye sufuria. Mwaka 1988 alichaguliwa kuwa shemasi, akashika pia uhazini wa kikundi cha ujenzi, na benchi la mbele upande wa kushoto likawa lake.

Mwaka 1995 kahawa ilikuwa imeanguka, kiwanda kikapunguza watu, naye akarudi nyumbani na kijiko chake kwenye mfuko wa shati. Mwezi Machi 1996 aliajiriwa na Bwana Dilip, aliyekuwa na godauni Ruiru la kuagiza divai kutoka ng'ambo na kuziuzia hoteli, mtu ambaye, kwa heshima ya mkewe Mama Dhanlaxmi asiyeruhusu pombe nyumbani kwake, hakuwahi kupeleka chupa hata moja kwake na alikuwa na shida ya kumpata mtu wa kumwambia ukweli. Divai husafiri kwa meli, hukaa bandarini kwenye joto, nyingine huchemka humo humo chupani, nyingine kizibo chake huoza na kuifanya inuke kama gunia lililolowa maji, na chupa haisemi mpaka ifunguliwe. Bwana Dilip alihitaji mdomo usiodanganya na usiolewa. Baba alimwambia siku ya kwanza kwamba ataonja kila kitakachowekwa mbele yake lakini hatameza, kwa kuwa ni mtu wa kanisa, na Bwana Dilip akamnunulia ndoo nyeupe ya plastiki.

Sasa nafika mahali ambapo mchungaji aliniomba niwe mfupi, na ninamwomba radhi. Jumapili tarehe 6 Desemba 1998, katika shule ya Jumapili ya likizo, tuliambiwa sisi watoto wakubwa kila mmoja asimame ataje hitaji la maombi kwa sauti, mbele ya wazazi na wazee, na mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu na nilikuwa na hitaji moja tu. Kwa wiki nzima nilikuwa nimefua mashati ya baba na kunusa kitu kwenye kola, na nilijua ni nini, kwa sababu jirani yetu wa nyumba ya tatu alikuwa akinukia karibu hivyo akirudi nyumbani akiimba. Nikasimama, nikafumba macho kama nilivyofunzwa, nikaomba kwamba Mungu amtoe baba yangu kwenye pombe. Watu walisema amina kwa nguvu sana. Sikuwahi kusikia amina kubwa namna hiyo maishani mwangu, na nilipofumbua macho mama alikuwa anatazama sakafu.

Ni mimi niliyemshtaki. Wengi wenu, ambao hamkuwepo siku ile, mmedhani miaka hii yote kwamba ni Mzee Githinji, kwa kuwa ndiye mzee wa kanisa aliyetumwa Ruiru wiki iliyofuata, akamkuta baba na glasi mkononi na mdomo umejaa, na hakuweza hata kumjibu salamu mpaka ateme. Tarehe 9 Januari 1999 kamati iliketi, baba akaeleza kuhusu ndoo, wakamuuliza inawezekanaje mtu aweke kitu mdomoni na asikimeze, akajitolea kuwaonyesha pale pale, wakakataa wakisema divai haiwezi kuingizwa ofisi ya kanisa. Akavuliwa ushemasi na kuwekwa chini ya nidhamu hadi atakapoiacha kazi hiyo. Hakuiacha, kwa kuwa kazi ile ilikuwa halali na sisi tulikuwa tunasoma, wala hakuhama kanisa kama wengi walivyomshauri. Kila Jumapili alivaa tai yake ya kijani, akaja mapema, akaketi kwenye benchi la mwisho karibu na mlango, na meza ilipotandikwa aliinamisha kichwa mpaka vikombe vimalize kupita. Wala hakuuliza nani alipeleka habari. Nilingoja aniulize, nikaogopa kuulizwa, na miaka ikapita, nikaenda sekondari, nikaenda chuo, nikaolewa, na hiyo amina ikawa inanifuata kote huko.

Aliyemtoa kwenye benchi la mlango ni Mzee Githinji mwenyewe, naye ameniruhusu kusema. Mwezi Mei 2009, akiwa ameshastaafu na ana muda wa kusumbuliwa na dhamiri, alikwenda Ruiru bila taarifa akiwa amebeba jagi la kupimia maziwa, lile lenye mistari, akaketi godauni kutoka asubuhi hadi saa kumi, akapima kila glasi kabla haijaingia mdomoni kwa baba na kupima kila kilichorudi kwenye ndoo. Glasi ishirini na nane. Alipojumlisha alikuta kilichotoka ni kingi kuliko kilichoingia, akapima tena, akakasirika akidhani amefanyiwa mchezo, mpaka baba alipomkumbusha kwa adabu kwamba binadamu ana mate. Mzee Githinji aliandika hesabu ile kwenye karatasi ya kamati, na Jumapili tarehe 14 Juni 2009 baba akarudishiwa kikombe mbele ya kanisa zima. Nilikuwepo, nililia, na watu wakadhani nalia kwa furaha peke yake.

Niwaeleze sasa siku niliyomwona akifanya kazi, maana ni mara moja tu, na aliyeiona siku hiyo hawezi kumwita baba mlevi wala kumwita mtu mdogo. Ilikuwa Jumamosi tarehe 13 Agosti 2016, nilikuwa nimepita Ruiru kumchukua nimpeleke kliniki ya presha, nikakuta meza ndefu imetandikwa kitambaa cheupe katikati ya godauni. Bwana Dilip, ambaye wakati huo alikuwa na miaka sabini na tisa na daktari amemwambia aanze kuagana na glasi, alikuwa amehifadhi kwa miaka mingi divai nyekundu za shamba moja la Bordeaux, Ufaransa, lenye jina ambalo pale godauni baba peke yake aliweza kulitaja bila kujiuma ulimi, chupa moja ya kila mwaka ambao mvua na jua vilielewana huko. Alitaka azionje zote kwa kikao kimoja kabla hajaacha. Lakini mchwa wa Ruiru walikuwa wamefika kwanza, wakapanda kwenye yale masanduku ya mbao, wakala mbao, wakala lebo zote, na kuacha chupa nane zilizo uchi, zinazofanana kama mapacha.

Binti yake, Nimisha, aliye nasi leo, alizifungulia ofisini, akavifunga vizibo kwenye leso, kwa kuwa kizibo cha divai ya namna hiyo huchapwa mwaka ubavuni, akaleta glasi nane zenye namba. Alikuwepo mtaalamu mmoja kutoka hoteli ya Nairobi, kijana mwenye suti ya kubana na maneno mengi, akaonja, akataja miaka, na leso ilipofunguliwa faraghani na Nimisha alikuwa amepata mitatu. Ndipo Bwana Dilip akamgeukia baba, akamwambia, "Haya Makau, wewe sema. Hii mchwa imeficha mimi."

Baba alivua kofia. Nilitarajia maneno makubwa, lakini alichofanya ni kuinama kwenye glasi ya kwanza kwa muda mrefu kama mtu anayesikiliza mlango, akavuta kidogo kwa kishindo kile kile cha kahawa, akazungusha, akatema kwenye ndoo, akaandika. Mtaalamu alikuwa ametaja matunda ya Ulaya ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuyaona, naye baba alikuwa anatafuta msimu. Nilikuja kujua kwamba alikuwa na daftari la mazoezi alimonakili, kutoka kwenye majarida ya Bwana Dilip, hali ya hewa ya Bordeaux ya miaka thelathini, mvua ilinyesha lini, joto lilipanda lini, walivuna wiki gani, kwa sababu alikuwa mtoto wa mkulima wa Ndalani na aliamini kwamba anayejua mvua anajua kila kitu. Hii, alisema, bado ni kali, ni kama chai ya majani mengi iliyosahauliwa jikoni, iacheni ilale, hii ni 2005. Hii matunda yake yaliiva mpaka yakapasuka, huo ni mwaka wa jua, ni tisini. Hii ni ngumu, imezeeka bila kukubali, ni themanini na sita. Hii ni laini, haina ugomvi na mtu, akanitazama akacheka kidogo, themanini na tano, mwaka ulipozaliwa wewe, kwa hivyo kuna mmoja wenu amekosea.

Ikafika glasi ya saba. Akainusa, akaiweka chini, akainusa tena. Mama Dhanlaxmi, aliyekuja siku hiyo kwa ajili ya mumewe na kuketi mwisho wa meza na chai yake ya maziwa, akauliza, "Kwani Makau amelala?" Baba akasema polepole kwamba humo kuna ngozi ya kiatu kipya, kuna penseli iliyochongwa, kuna tumbaku ya babu yake, na nyuma ya hayo yote kuna udongo wa Ndalani siku mvua ya kwanza inapoupiga, na kwamba haelewi udongo wetu umefikaje Ufaransa. Akaonja. Akasema ni themanini na mbili, mwaka ule wa jaribio la mapinduzi, sisi tulilala chini ya kitanda mwezi wa nane tukisikiliza redio, kumbe huko zabibu zilikuwa zinaiva bila habari na mtu. Nimisha akafungua leso mbele yetu sote na kuvipanga vizibo mezani kimoja kimoja, na baba alikuwa amepata sita kati ya minane, akiwa amebadilisha tu 1995 na 1996, jambo alilojilaumu kwalo hadi Jumatano. Yule mtaalamu alisimama akampa mkono kwa mikono miwili. Bwana Dilip alikuwa anafuta macho. Mimi nilisimama pale na barua ya kliniki mkononi, nikamwona baba yangu kwa mara ya kwanza, nikaona haya hadi miguuni.

Jumapili ya Meza ya Bwana iliyofuata, tarehe 4 Septemba 2016, baba alipita benchi lake la mbele akaenda kuketi mlangoni. Kikombe kilipomfikia akakipitisha. Alifanya hivyo mwaka mzima, hadi Septemba 2017, bila kutengwa na mtu na bila kumweleza mtu, mama alipouliza alisema ni meno, mchungaji alipouliza alisema ni meno, na Mzee Githinji alipouliza alitabasamu.

Alistaafu tarehe 31 Machi 2018 na kurudi hapa Ndalani kupanda maembe na kugombana na ngedere. Mwaka 2019 alimsindikiza Bwana Dilip kwenye moto wake wa mwisho, kwa desturi ya Kihindu, akasimama na familia. Mwaka 2021 aliugua ule ugonjwa wa corona na kupoteza harufu zote, na ingawa zilirudi, zilirudi nusu, naye alisema ni kama kusikiliza redio iliyo nyumba ya jirani. Mwezi Februari mwaka huu alianza kukwamwa na ugali, akapimwa Thika, akapatikana na saratani ya umio. Najua yaliyosemwa sokoni, kwamba pombe imemfuata. Daktari alituambia kwamba sababu haijulikani kwa hakika, akauliza kama mzee anapenda chai ya moto sana, na tukatazamana, kwa sababu baba alikuwa anakunywa chai ingali inatokota. Alitibiwa kwa miezi minane, akavumilia, na Jumanne tarehe 4 Novemba 2025, saa nne asubuhi, akiwa ameshikwa mkono na mama, Bwana alimwita. Alikuwa na miaka sabini na miwili. Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu watano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa muuguzi aliyemruhusu kunusa kahawa ilipokuwa haimezeki tena, majirani wa Makongeni mliolala nasi matangani, wenzake wa godauni la Ruiru, Nimisha na Mama Dhanlaxmi kwa gari na kwa chakula, kanisa letu kwa kukubali kumzika kwa heshima zote, na Mzee Githinji kwa jagi lake.

Lakini heshima hizo mmempa kwa sababu mnaamini hakuwahi kumeza, na yeye alikataa kuzikwa kwa uwongo. Wiki mbili kabla ya kufa aliniita, akaniambia niyaseme haya leo. Alimeza mara moja. Ni ile glasi ya saba. Aliniambia, akiniita kama alivyozoea, "Mama, ile ya themanini na mbili ilikataa kutoka. Ningeitema, hiyo ndiyo ingekuwa dhambi." Na kwa kuwa hapakuwa na kamati iliyojua, alijihukumu mwenyewe, akajipa mwaka mmoja mlangoni na kuutumikia wote. Nami nikaona ndiyo nafasi yangu, nikapiga magoti kando ya kitanda, nikamwambia kwamba ni mimi niliyeomba yale maombi, kana kwamba hakuwepo kanisani siku ile, nikamwomba anisamehe miaka kumi na miezi mitano. Alinishika sikio kama alivyofanya nilipokuwa mdogo. Akaniambia, "Yale mashati nilikuwa nayaloweka mwenyewe kwanza, kwa sabuni ya kipande, ndio mama yako asisikie harufu. Na bado ukanusa. Kila Jumapili nikikaa pale mlangoni nilikuwa naambia Mungu, angalau huyu mmoja amechukua pua yangu."

Pumzika sasa kwa amani, baba.